Kabati na Tarumbeta

Mgeta, kwa juu
9 Februari 1975

Kwa mpwa wangu Martina, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu za wazima wa huku. Za wagonjwa utazipata wakipona. Mimi mjomba wako Eustace ni mzima kuliko wote, na masikio yangu ni makali kuliko ya mbwa wa padri. Wiki iliyopita nilisikia lori la Rehani likiwa bado linahangaika na kona kule chini, nikawaambia watu, "Rehani huyo, na leo kapakia magunia ya mbolea." Lilipofika, mbolea tupu! Watu wakanitazama kama nabii.

Nimesoma tena nilichoandika hapo juu nimeona aibu, na kalamu sina ya kufutia. Ni uongo. Lori lilikuwa limesimama nyuma yangu hatua tatu, linapiga honi, na mimi nimesimama katikati ya njia nafunga kamba ya kaptula. Rehani akashuka, akanishika bega, akanisogeza pembeni kama anayehamisha kuku. Sikio la kushoto limefunga moja kwa moja. La kulia linafunguliwa asubuhi kama ofisi, na kama ofisi, hujui litafungwa saa ngapi. Mama yako usimwambie.

Sasa neno lenyewe. Rehani kasema huko kwenu kwenye shamba la mkonge lile jumba la Wagiriki walilokuwa wakichezea dansi linatolewa vitu ili liwe shule ya watoto wadogo, na kila mfanyakazi anaruhusiwa kuchukua kitu kimoja. Kasema zimo spika mbili za kizamani zenye midomo kama matarumbeta. Wewe ni karani na vitu unaviona kabla ya wenzako. Nenda kazisikilize, uniambie ipi inafaa kwa mtu anayetaka kukaa nyumbani kwake asikilize redio kama binadamu. Hivi sasa redio naipakata kama mtoto, na muziki najua unapigwa nikiona miguu ya wengine inacheza.

Huku mvua bado. Njegere zimechanua.

Mjomba wako,
Eustace


Morogoro
3 Machi 1975

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi tunaendelea vizuri. Mama anakusalimu sana. Magoti yake yametulia tangu ateremke kukaa na mimi, ila kila siku anasema ndizi za huku hazina ladha na maji yananuka bomba. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na hesabu ya vitu vya jumba lile na mimi ndiye niliyeandika.

Spika nimeziona. Nilikwenda na fundi umeme wetu, anaitwa Mwinjuma, akaziunga moja moja kwenye redio ndogo ya betri kama yako. Hapo ndipo nilipostaajabu, Mjomba. Spika za kawaida zinataka mashine kubwa ya kuzisukuma. Hizi, kwa sababu ya ule mdomo unaopanuka, redio ya betri mbili inajaza ukumbi mzima. Mwinjuma anasema ni sawa na mtu kuweka viganja mdomoni anapomwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Pumzi ni ile ile, inafika mbali zaidi.

Ya kwanza nimeiita Kabati. Ni sanduku la mbao, refu kunizidi. Tarumbeta yake huioni, imekunjwa humo ndani kama utumbo. Besi lake unalisikia tumboni kabla ya masikioni, na gitaa linatoka kama limepakwa asali. Lakini ukikaa karibu, maneno yanachanganyika. Lazima usogee mbali, na chumba kiwe kikubwa.

Ya pili ni Tarumbeta kweli, ya bati, mdomo mpana kama beseni la kufulia, shingo nyembamba, na nyuma kuna kikopo kinachotoa sauti. Muziki wake unakwaruza kama mtu anayekuna sufuria. Ila mtangazaji alipoanza kusoma habari nilishtuka, nilidhani yuko nyuma yangu. Herufi zote unazisikia, hata akilamba midomo.

Mwinjuma anasema kwa nyumbani mtu achukue Kabati, kwa sababu nyumbani ni pa kustarehe. Mimi nakubaliana naye. Sema upesi, mwisho wa kuchukua ni mwezi wa tano.

Jambo jingine. Mama ana wasiwasi. Kuna mtu wa huko alimwambia sokoni kwamba shamba la bondeni, lile la Bibi Agnes, limeandikwa kuwa la kijiji. Mama amejibu haiwezekani, kwa sababu kaka yake yupo na mikutano yote anahudhuria. Tafadhali mwandikie neno atulie.

Mpwa wako,
Martina


Mgeta
17 Machi 1975

Martina,

Salamu zimefika, nami nazirudisha zikiwa safi. Mbuzi wa Andrea amezaa mapacha na Andrea anatembea kijijini kama aliyezaa yeye.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Huyo Mwinjuma yumo ndani yake mara nyingi kuliko Mungu anavyotajwa kwenye barua ya padri. Mwinjuma anasema, Mwinjuma aliunga, Mwinjuma na viganja mdomoni. Je, ana mke? Nauliza kwa ajili ya spika.

Nimeamua. Nipe Kabati. Nimeshapima kwa kamba, litakaa pale palipo na kitanda, na kitanda kitahamia jikoni. Nitakaa mlangoni, kule ndani kunanguruma besi, na wapita njia wa Mgeta yote watanisalimia kwa heshima.

Nimetoka kulisha nguruwe, nimebadili mawazo. Nipe Tarumbeta. Asali ya gitaa nitaifanyia nini kwa umri huu? Kinachonisumbua ni maneno. Mtu akisema nataka nijue kasema nini, siyo nijue tu kwamba kasema.

Sijalala usingizi mzuri kwa ajili ya jambo hili. Ngoja kwanza usichukue yoyote. Lakini usikubali mtu mwingine achukue. Nadhani ni Kabati. Hapana, muulize huyo fundi wako asiye na mke, ile Tarumbeta shingo yake upande wa nyuma ni nene kiasi gani, kidole gumba au kidole cha mwisho?

Kuhusu dada yangu, mwambie shamba lipo pale pale alipoliacha. Halijahama.

Mjomba wako


Morogoro
22 Aprili 1975

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imekaa njiani karibu mwezi, Rehani anasema mvua ilikata barabara na lori lililala matopeni siku nne na kabichi zikaoza. Poleni. Huku Pasaka ilikuwa njema, Mama alikwenda misa kwa miguu yake.

Nilipomsomea Mama kwamba shamba halijahama, alicheka. Kisha akasema, "Soma tena." Nikasoma. Akasema, "Huyo ni kaka yangu ninamjua. Akikujibu hivyo ujue amevunja kitu."

Nimemuuliza Rehani. Hakutaka kusema, nimemlazimisha. Kasema shamba la Bibi Agnes lina kabichi za kijiji kuanzia kwenye kijito hadi kwenye jiwe kubwa, na kwamba wewe mwenyewe ulionekana unalima pale pamoja na watu. Unalima, Mjomba! Shamba lile si langu na si lako. Ni la upande wa mama, limetoka kwa Bibi kwenda kwa Mama, na kutoka kwa Mama litakuja kwangu na kwa watoto nitakaowazaa. Wewe ndiye tuliyekuachia ulilinde na utusemee.

Sijibu swali la shingo ya Tarumbeta. Mara Kabati, mara Tarumbeta, na linaloniumiza hulijibu. Sitaweka sahihi kwenye spika yoyote mpaka uniambie kilichotokea. Na mambo ya Mwinjuma kuwa na mke hayahusiani na redio.

Martina


Mgeta
4 Mei 1975

Mpwa wangu,

Leo sina salamu ndefu. Wote wazima, hata wasiostahili.

Ilikuwa Januari, Jumapili baada ya misa, kwenye baraza la shule. Mwenyekiti wetu Yakobo, unamjua, yule anayeongea na kidevu kimezama kifuani. Upepo unavuma kutoka mlimani, mimi nimekaa na sikio bovu upande wake kwa sababu upande mwingine ulikuwa na jua. Anasema, watu wanapiga makofi, nami napiga. Kilimo cha kufa na kupona, hilo nililipata kwa kuwa waliimba. Halafu Yakobo akanigeukia, midomo ikacheza, watu wote wakanitazama. Nikafikiri ananishukuru kwa nguzo mbili nilizotoa kujengea choo cha shule. Nikatikisa kichwa kukubali, nikasema, "Naam, sawa kabisa, kwa moyo wote." Makofi! Martina, sijawahi kupigiwa makofi namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Wiki mbili baadaye nateremka bondeni nakuta watu thelathini na majembe. "Asante mzee kwa moyo wako!" Wewe ungeuliza, "Moyo gani?" Mimi ningeuliza wangejua sisikii. Na mkubwa wa ukoo asiyesikia ni kiti tu, watu wanakipita. Nikavua kanzu, nikachukua jembe, nikalima shamba la dada yangu kumpa mtu mwingine. Na nilichimba matuta mazuri, mimi ambaye zamani za Mwingereza nilimkimbia bwana shamba mlima mzima kwa kukataa kuchimba matuta.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku hiyo nahudhuria mikutano yote nikiwa nimekaza shingo isitikise kichwa. Naogopa hata nzi akitua puani.

Tarehe nane mwezi wa sita kuna mkutano, Yakobo atasoma daftari la mashamba ya kijiji kabla halijapelekwa juu. Likishapelekwa, basi. Lazima nisikie siku hiyo, Martina. Nikisikia vibaya tena, nitampa na kaburi la Bibi.

Kwa hiyo nipe Tarumbeta. Sijabadili tena. Hata ikiwa haina kile kikopo cha nyuma, nipe. Nijibu lile swali la shingo, ndilo swali kubwa kuliko yote uliyowahi kuulizwa, na hapa sitanii.

Mjomba wako,
Eustace


Morogoro
27 Mei 1975

Mjomba,

Shikamoo. Mama aliposikia habari ya jembe alicheka mpaka akashika mbavu. Siku ya tatu, anasuka ukili, akasema, "Mwambie shamba alilitoa kwa kichwa, akalirudishe kwa mdomo."

Tarumbeta anakuletea Rehani pamoja na barua hii, imefungwa kwenye gunia la mkonge. Walipokuwa wanaishusha ukutani waliiangusha, kikopo kimekufa. Mwinjuma amekifungua, waya wa ndani umekatika, ni mwembamba kuliko nywele. Anajaribu kuutengeneza lakini siyo kwa tarehe nane. Nilipomuuliza habari ya shingo, alinitazama, akaitazama Tarumbeta, akaweka sikio nyuma na kuniambia, "Nenda kule mlangoni useme kitu polepole." Nilisema. Alikisikia chote. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli akauzungushia penye bati ili usijikate.

Sitakuambia nilichosema mlangoni.

Nataka ujue na hili, halafu tusilizungumze tena. Lile Kabati nililitaka mimi. Kwa mwezi mzima nikitoka kazini napitia kule ukumbini, nakaa sakafuni kwa mbali, nasikiliza muziki wa jioni mpaka mlinzi afunge. Kitu kimoja kwa mtu mmoja, nimeweka sahihi kwenye Tarumbeta. Kabati amelichukua Furaha wa ofisi ya mishahara. Anasema mbao zake ni nzuri, atatengenezea kitanda.

Nenda mkutanoni.

Martina


Mgeta
15 Juni 1975

Kwa mpwa wangu Martina, na wewe dada yangu Magdalena unayesomewa,

Baridi imeanza, ukungu hauondoki mpaka saa nne. Padri anakusalimu. Mapacha wa Andrea mmoja kafa, mmoja anaruka. Magdalena, ndizi zako nimeziwekea nguzo.

Jumapili ile nilitangulia kanisani nikiwa na gunia mgongoni. Wakadhani nimeleta sadaka. Baada ya misa nikaenda nikakaa mbele kabisa barazani, nikafungua gunia, nikaweka shingo ya Tarumbeta kwenye sikio la kulia na mdomo wake nikauelekeza kwa mwenyekiti kama mzinga.

Kwanza nilisikia vicheko. Nilifurahi! Miezi mingapi sijasikia kicheko nikijua kinatoka kwa nani? Kile cha kukwama ni Andrea. Kile cha puani ni mke wake.

Yakobo akasema, "Mzee Eustace, hiyo ni nini?"

Nikasema, "Wewe soma. Mimi nalisikiliza daftari."

"Unataka kutuua na bomba hilo?"

"Soma, Yakobo, na leo inua kidevu."

Akasoma. Martina, nilisikia mpaka kurasa zinavyogeuka. Akafika mahali akasema, "Shamba la bondeni, kutoka kijitoni hadi jiwe kubwa, limetolewa na Mzee Eustace kwa hiari na kwa moyo wote." Makofi yakaanza. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno ya kisheria, ya ukoo, ya upande wa mama, tangu asubuhi nayarudia. Yote yakakimbia. Nikasema, "Sikutoa. Siku ile sikusikia hata neno moja. Ungeniuliza kama nakubali kuchinjwa ningesema kwa moyo wote."

Niliposikia kimya nikaangalia kama bomba limeziba.

Yakobo akasema, "Mbona ulilima?"

"Kwa aibu."

"Mchana kutwa?"

"Aibu ilikuwa kubwa."

Hapo Bibi Anastasia, unamjua asivyoogopa mtu, akasema kutoka nyuma, "Yakobo, na hata angesikia! Shamba la kina Magdalena linatolewaje na kaka yao? Mlimuuliza mwanamke gani wa ukoo ule?" Yakobo akasema kaka ndiye msemaji. Anastasia akasema, "Msemaji, siyo mwenyewe. Wewe mke wako akikutuma chumvi, duka linakuwa lako?" Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Yakobo si mtu mbaya. Alikwaruza kalamu yake, nikaisikia, akasema kijiji kitavuna kabichi kilizopanda, na baada ya hapo shamba litaondolewa kwenye daftari. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia arudie. Nilikuwa nimesikia, lakini lilikuwa tamu.

Kwa hiyo Magdalena, lako umerudishiwa. Matuta yangu nakuachia bure.

Lakini kitu kingine nilikisikia pale pale, kwa sababu bomba hili halipendelei mtu. Watu wanatawanyika, nimeligeuza nyuma kwa kujaribu tu, nikamnasa binamu yetu Leonard pale penye ukuta anamwambia mwenzake, "Mkubwa wa ukoo wa kubeba beseni? Tutachekwa hadi Kinole. Apumzike, mzee wa watu." Amesema polepole kabisa, na kwa huruma. Ndiyo iliyoniuma, ile huruma. Ameitisha kikao cha ukoo tarehe 20 Julai, kuamua kama niendelee kuwasemea au nikae chini. Tangu hapo nazunguka nyumba. Natoka, naingia, namlisha nguruwe ambaye ameshiba.

Kikao ni ndani, chumbani kwa Leonard, watu ishirini, wanasema wote kwa pamoja. Bomba halichagui, linaniletea ishirini kwa mara moja kama maji ya mvua. Na nikiingia nalo nimeshashindwa kabla ya kukaa.

Sasa Martina, kuna msaada mdogo unanidai. Nimekosea. Mimi ndiye ninayekudai. Mwaka ule wa kipaimara, padri alipowaita mmoja mmoja kuwauliza katekisimu, wewe ulisimama karibu na dirisha unatetemeka hujui hata vipaji vya Roho Mtakatifu ni vingapi. Aliyekuwa nje ya dirisha, amejifanya anapalilia maua ya Bikira Maria, anakunong'oneza majibu, alikuwa nani? Ulipita. Majibu mawili niliyabuni mwenyewe, na padri aliyakubali kwa sababu naye alikuwa anasinzia. Hujanilipa hadi leo.

Njoo na lori la Rehani tarehe 19. Ukitaka kuja na mtu wa kukushikia mkoba kwenye miteremko, hata akiwa fundi, sitasema kitu. Siku ya kikao ukae kulia kwangu, unifikishie sikioni kila watakachosema, neno kwa neno. Leonard akinihurumia, uniambie ananihurumia, usipunguze. Majibu nitatoa mwenyewe.

Mjomba wako,
Eustace